Kwa nini kampeni yetu ya Sinza inachezwa nchi ya madwafu

Umeme ulikatika saa kumi jioni, kwa hiyo ramani zote mbili tulizitazama kwa taa ya kuchaji. Ilikuwa Jumamosi, sebuleni Sinza, vizibo vya soda vimepangwa pembeni vikisubiri kugeuzwa mashujaa. Karatasi ya kwanza ya manila nilikuwa nimeichora pwani: mikoko, gofu la msikiti, jahazi lililopasukia mwambani, na kisima kinacholindwa na jini. Ya pili ilikuwa na milima, msitu mnene, mji wa madwafu, wale watu wafupi wachimba migodi wa hadithi za Ulaya, ndani ya jabali, na joka kileleni. Tulikutana ili tuchague moja ya kuchezea kampeni yetu, yaani hadithi ndefu ya mchezo wa mezani: mimi msimulizi naielezea nchi, kila mchezaji anamwongoza shujaa wake, na dadu huamua.

Dada mmoja wa Pangani, muuzaji wa duka la dawa, aliitazama ile ya pwani muda mrefu kuliko wenzake. Kisha akaokota dadu yake ya pande 20, akairudisha kwenye kifuko.

"Kaka, yenye jini mimi sichezi. Kwetu hayo hayatajwi usiku."

Kijana aliyekaa kushoto kwake, mlokole wa kweli kweli, akasema hata yeye hawezi, ila kwa sababu yake mwenyewe: pepo anakemewa, hachezewi.

Hakuna aliyecheka wala aliyebisha.

Tukachukua milima.

Nilirudi nyumbani na ramani ya pwani kwapani, na kwa wiki kadhaa iliniganda kichwani. Ile ndiyo niliyokuwa naipenda zaidi.

## Mali yetu na mali ya kuazima

Wasomaji wangu mnajua tunachocheza, sina haja ya kurudia. Mnajua pia kwamba msimulizi akichagua ulimwengu amechagua na mambo mengi ambayo hayapo kwenye ramani: watu watakula nini, watamwogopa nani, maiti itazikwa vipi. Ndiyo maana swali liliniuma. Sisi watu wa Dar es Salaam, Kilwa ipo hapo chini tu, tunakwenda kucheza viumbe wa Ulaya ya kaskazini. Kwa nini?

Maana Kilwa ina kila anachokiomba msimulizi. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa masultani wake. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kuusifia mji ule. Magofu ya Husuni Kubwa, jumba la sultani, bado yapo juu ya bahari, na birika lake la pembe nane. Mwaka 1505 zikaja meli za Wareno, mji ukatekwa na kuporwa. Ukikaa usiku mmoja na habari hizo una kampeni ya mwaka mzima.

Upande wa pili kuna mali ya kuazima, tena iliyoazimwa mara nyingi. Tolkien, mwandishi wa The Hobbit, aliyatoa majina ya madwafu wake kwenye shairi la kale la Kiaislandi. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wetu huu, Dungeons & Dragons mwaka 1974, walichota kwa Tolkien na kwa wengine, mpaka mambo ya haki miliki yakawalazimu hobiti, wale watu wadogo wa Tolkien, wawaite halflingi. Baada ya hapo kila mmoja akajenga nchi yake. Gygax akawa na Greyhawk, Margaret Weis na Tracy Hickman wakaleta Dragonlance mwaka 1984, Ed Greenwood wa Kanada akatolewa Forgotten Realms yake mwaka 1987. Ukizitembelea nchi hizo unaona ni ndugu wa tumbo moja: elfi, viumbe kama watu wanaoishi karne nyingi, msituni, madwafu mgodini, joka limelalia dhahabu.

Watu huulaumu ufanano huo, husema ni uvivu. Mimi nimeanza kuuona kwa jicho jingine. Nchi ambayo imepita mikono mingi namna hiyo haina mwenyewe anayeweza kukuambia unakosea. Hakuna mzee mahali atakayeumia ukimbadilisha dwafu.

Lakini hilo peke yake halikunitosha. Halikuelezea ile dadu iliyorudishwa kwenye kifuko.

## Asichokiamini mtu yeyote mezani

Jibu la kwanza lilinijia kutoka Marekani, mahali ambapo sikulitarajia.

Miaka ya 1980 kule kulikuwa na vurugu kubwa juu ya mchezo huu. Wazazi na wahubiri waliushutumu kwamba unafundisha watoto ushetani. Toleo la pili la kanuni lilipotoka mwaka 1989, mashetani na majini wabaya wa vitabu vya mwanzo hawakuwamo. Waliporudi baadaye walirudi na majina ya kubuni, tanar'ri na baatezu, ili mama wa mtu asishtuke akifungua kitabu cha mwanawe.

Mnaona kilichotolewa? Hakuna aliyeandamana elfi waondolewe. Hakuna mhubiri aliyepanda mimbarini kumlaani dwafu. Kilichoguswa ni kile ambacho watu wa pale walikiamini kuwa kipo.

Basi dada wa Pangani na mama wa Marekani wa mwaka 1985 wameketi benchi moja. Kila mmoja amekutana mezani na kitu ambacho kwake si hadithi. Kwa dada, jini ana heshima zake, ana mahali pake, na kuna mtu wa ukoo anayejua habari zake. Mimi siwezi kumwambia "chukulia tu ni mchezo", kwa sababu nitakuwa nimemtaka aweke imani yake mlangoni pamoja na viatu.

Na mchezo huu unataka mtu aingie mzima mzima. Unataka ajaribu, aogope, adanganye, afe, afufuke. Akiwa na kitu kimoja anachokichunga moyoni, anacheza kwa mkono mmoja.

## Mchawi

Hapa ndipo palipokuwa pazito zaidi, na nataka nipaseme bila kuzunguka.

Ramani ya pwani ilikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na bibi mchawi. Adui wa kwanza wa kampeni, wa kuwazoeza wachezaji. Nilipokuwa naendelea kuifikiria ile ramani nyumbani, yule bibi ndiye aliyenikaa kooni.

Tunaishi nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na wengi alama yao ilikuwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka hamsini. Tunaishi nchi ambayo ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, kwa ahadi za waganga, mpaka Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Sheria ya uchawi iliyoandikwa wakati wa Waingereza, ya mwaka 1928, imeendelea kuwamo kwenye vitabu vyetu. Hayo si mambo ya zamani, ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Sasa nimweke bibi wa namna hiyo mezani, niwape vijana watano dadu, niwaambie mumuue mpate pointi?

Sitafanya hivyo. Na simhukumu msimulizi mwingine atakayefanya kwa uangalifu, pengine kwa kumgeuza bibi kuwa ndiye wa kuokolewa. Hiyo ingekuwa kampeni nzuri sana. Ila inataka meza iliyoomba kwenda huko.

Mchawi wa fantasia ya elfi na madwafu, mwenye kofia na fimbo, ni mtu wa kitabu. Kila asubuhi anafungua daftari lake, anasoma, anakariri atakayoyatumia siku hiyo, na akishayatumia yamekwisha mpaka alale tena. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu wiki ya mitihani. Hakuna bibi wa mtu yeyote Shinyanga aliyewahi kufuatwa na mapanga kwa kosa la namna hiyo. Kwa hiyo mezani kwetu tunamwita msomi, na dada wa Pangani ndiye anayemcheza, tena kwa raha zote.

## Washairi wetu nao walikwenda mbali

Bado moyo ulikuwa haujatulia. Niliona kama nimetoa sababu za kukimbia kwetu.

Kilichonigeuza ni rafu ya vitabu ya baba yangu.

Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka. Alikuwa amezungukwa na bahari, majahazi, ugomvi wa miji ya Lamu na Pate, hadithi za kutosha za pale pale. Akaandika habari za Herekali, mfalme wa Rumi, na vita vya Tabuki, mambo ya miaka zaidi ya elfu moja nyuma yake, katika nchi nyingine. Mgeni bin Faqihi naye akatunga utenzi mrefu wa Rasi 'lGhuli, na vita vyake vyote viko Yemeni. Mashujaa wanakata vichwa, farasi wanapaa kwa mbio, na waliokuwa wakiusikiliza walikuwa wamekaa kwenye mikeka pwani ya Afrika Mashariki.

Halafu Shaaban Robert. Mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, anatoa Kusadikika, nchi inayoning'inia angani. Haipo katika ramani yoyote. Ina mfalme, ina mawaziri, ina mahakama, na ina Karama anayeshitakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Kila aliyekisoma shuleni alifundishwa kuuliza nchi ile ni ipi hasa. Angeiweka Tanga, mji alikozaliwa jirani nao, kitabu kingepita?

Nilikaa sakafuni na kitabu kile mpaka chai ikapoa.

Kwenda nchi ya mbali ili useme ya hapa ni desturi yetu ya siku nyingi. Wala wale watungaji hawakuomba radhi kwa Rumi wala kwa Yemeni. Waliichukua nchi ya watu, wakaipa mizani ya utenzi, ikasemwa kwa Kiswahili, ikawa yetu. Tangu siku ile sikuiona tena milima ya manila kama mahali pa kukimbilia.

## Baridi ya mpagazi

Tulipoanza kucheza nikagundua jambo la kunifurahisha: wachezaji wanajua mengi ya nchi ile kuliko nilivyowapa.

Mashujaa walikuwa wanapanda kwenda kwenye pango la joka. Nikaelezea theluji kwa maneno yangu ya kusoma, weupe, upepo, ukimya. Mmoja wetu amewahi kuwa mpagazi Kilimanjaro kabla hajaja kutafuta maisha mjini. Akanisubiri nimalize kwa adabu, halafu akauliza, "Chupa za maji tumeziwekaje?"

Sikuwa na jibu.

Akaeleza. Usiku wa kuondoka kambi ya Barafu kwenda kileleni, chupa inawekwa kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda kwa juu, na barafu ikishika mdomo hunywi kitu mpaka jua litoke. Betri za tochi unalala nazo ndani ya mfuko wa kulalia, mwilini, la sivyo baridi inazimaliza. Na mtu akianza kucheka ovyo au kujibu maneno yasiyoeleweka huko juu, hakuna mjadala, anateremshwa.

Meza nzima ilikuwa inamsikiliza yeye, mimi nimo. Dakika kumi baadaye dwafu wetu akaanza kucheka ovyo kwenye mteremko wa joka, na wenzake wakambeba kumshusha huku dhahabu ikiwa mbele ya macho yao. Kanuni hazikuwalazimisha.

Ule mlima haukuwa wa Ulaya tena.

Mengine yaliingia yenyewe vivyo hivyo. Kampeni za namna hii zina mazoea ya kuanzia kilabuni, watu na bia zao. Wawili wetu hawanywi, kwa hiyo mji wa madwafu ukapata kijiwe cha kahawa: birika juu ya mkaa, vikombe vidogo, kashata, na wazee wanaojua kila kinachoendelea mgodini. Sijawahi kuona wachezaji wakipata habari haraka hivyo. Elfi wa miaka mia tatu akiingia, hata kama mchezaji wake ndiye mdogo kuliko wote mezani, anaamkiwa shikamoo, naye anaitikia marahaba. Mlango wa mtu haupigwi teke kabla ya hodi tatu. Hilo la hodi limewahi kuwagharimu, maana wezi waliokuwa ndani walitokea dirishani, lakini hakuna aliyependekeza tuliache.

Na ile ramani ya pwani sikuitupa. Bandari, ushuru wa dhahabu, ugomvi wa masultani na wafanyabiashara, vyote nimevihamishia kwenye mji wa madwafu. Dhahabu ya bara inapita kwao na wao wanatoza. Aliyesoma habari za Kilwa ataitambua.

## Ng'ombe wa orki

Kuna kitu kimoja cha fantasia ya kale ambacho sikukipokea. Ni ile habari ya damu: orki, kiumbe wa vita wa hadithi hizo, ni mwovu kwa sababu amezaliwa orki, basi mkate. Hata wenye mchezo walilizungumza hilo mwaka 2020, wakasema wanarekebisha namna orki na drou, yaani elfi weusi, wanavyoelezwa. Mimi sikuwa nawasubiri wao. Mtoto wa nchi yenye makabila zaidi ya mia moja na ishirini, niliyekulia nyumba ya kupanga yenye familia za makabila manne, siwezi kusimamia meza ambayo watu wanauawa kwa ukoo wao.

Kwa hiyo orki wangu ni wafugaji. Kaskazini mvua zimegoma, wanateremka na mifugo, na usiku ng'ombe wameingia kwenye maharage ya halflingi. Nilikuwa nimeandaa mapigano. Vizibo vyekundu vilikuwa tayari, pointi za uhai nimeziandika.

Kuna mwenzetu fundi simu, mpole, ambaye kawaida huongea zamu yake ikifika tu. Kwao ni Kilosa. Mhusika wake ni elfi mpiga upinde. Akasema elfi anaweka upinde chini na kukaa.

"Mzee," akaniuliza, nami nikiwa mzee wa orki, "njiani wamekufa ng'ombe wangapi?"

Nikamwambia nusu ya kundi.

Akamgeukia mkuu wa halflingi, ambaye pia ni mimi. "Na hili shamba, kabla halijalimwa, mapito ya mifugo yalikuwa yanapita wapi?"

Sikuwa nimechora mapito. Akachukua kalamu akayachora mwenyewe, kutoka malishoni hadi mtoni, yakakata katikati ya maharage. Kisha akasema jambo ambalo msimulizi asiyetoka huko asingelijua: ng'ombe wakikamatwa, wasikae kwa mwenye shamba, kwa sababu aliyewakamata ndiye atakayepanga faini, na hapo ndipo damu inapomwagika. Wawekwe kwa mtu wa tatu. Dada wa Pangani akadai tathmini ya mazao ifanyike kabla ya neno lolote la fidia, tena wote wawili wawepo. Mlokole akasimama kati yao kama shahidi.

Kikao kizima hakuna aliyerusha dadu ya kupiga.

Wote mezani tunajua Kilosa. Tunajua Rudewa, Desemba 2000, watu zaidi ya thelathini waliuawa kati ya wakulima na wafugaji. Hakuna aliyelitaja. Nina hakika, na hili nalisema kwa moyo wangu wote, kwamba ningeleta mezani kijiji cha Morogoro, wakulima na wafugaji kwa majina ya makabila yao, yule fundi angenyamaza kama kawaida yake. Angekuwa na ndugu wa kuwalinda na upande wa kuusimamia. Elfi hana shangazi Kilosa. Elfi aliweza kuwauliza wote wawili.

Tulipotoka tukatembea pamoja hadi kituoni, Mori, na njiani akanisimulia ya kwao. Hayo ni yake, siyaandiki hapa.

## Tulipofika

Mkataba umeandikwa na umetiwa sahihi, ninao kwenye daftari. Orki watapita na mifugo kwa mapito yaliyochorwa mpaka mvua zirudi kwao, mchana tu, na mtoto wa halflingi akiwatangulia. Mazao yaliyoharibika yatalipwa kwa ndama wawili.

Una tundu moja, na mpagazi ndiye aliyeliona tulipousoma tena. Mapito yanaishia mtoni, na mto unateremka kutoka kwa madwafu, ambao huoshea dhahabu yao huko huko. Ndama wa kwanza ameshakufa baada ya kunywa. Orki wanasema halflingi wametia sumu.

Kikao kijacho tunapanda kwa madwafu kuuliza. Wenye kijiwe cha kahawa wanajua jibu, lakini wote wanakula kwa mgodi ule, na sijaamua bado ni nani kati yao atakayekuwa wa kwanza kusema.